Orodha Niliyoifuta

Vijana ninaofanya nao kazi siku hizi wakitaka programu mpya kwenye kompyuta ya Linux, wanaandika maneno mawili, wanabonyeza, wanaenda kuchukua chai. Wakirudi programu ipo. Wakiichoka wanaandika maneno mengine mawili nayo inaondoka na kila kilicho chake, bila kugusa cha jirani. Kwao ni jambo la kawaida kama kufungua mfereji. Mimi huwaambia kwamba zamani haikuwa hivyo, na wao hucheka, husema mzee ameanza. Kwa hiyo sijawahi kufika mwisho wa hadithi. Nashukuru kwamba hunikatiza mapema, kwa sababu ule mwisho sina hamu ya kuusikia hata mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Niño ikiwa imekwisha na kuta za mitaa yetu zikiwa bado na mstari wa tope mahali maji yalipofikia. Tulikaa Huruma, wazazi wangu na mimi na ndugu zangu, vyumba viwili ghorofa ya nne. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na alijivuna kwa majirani kwamba mwanawe anafanya kazi ya kukaa. Kila asubuhi nilitembea kupitia Kariobangi hadi Dandora, kwenye kituo cha ufundi cha kanisa kilichofundisha ushonaji, useremala na kupiga chapa. Vijana waliokaa nje ya kinyozi pale Kariobangi walikuwa wamenizoea.

"Niaje, prof! Hiyo kompyuta imeanza kuongea?"

"Bado, inajifunza," nilijibu, kichwa kikivimba. Nilipenda sana kuitwa prof.

Pale kituoni mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta, wa kwanza na wa pekee. Kompyuta zenyewe zilikuwa tatu, kuukuu, zimeletwa na wafadhili zikiwa tupu bila programu hata moja. Nilizijaza Linux kutoka kwenye sahani ya CD aliyoninakilia mhadhiri wangu wa zamani, kwa sababu ilikuwa ya bure na sisi hatukuwa na kitu. Moja ilikuwa na diski kubwa kuliko zile nyingine, basi nikaziunganisha hizo mbili kwa waya ziwe kama madirisha ya ile kubwa. Ukikaa kwenye yoyote, ulikuwa unafanya kazi ndani ya diski moja. Naomba msomaji akumbuke hilo, maana mimi nililisahau.

Programu nyingine tulizohitaji hazikuja zimeiva. Zilikuja zikiwa maandishi tu, jinsi mwandishi wake alivyoziandika huko kwao, na ilikuwa juu yako kuzikompaili, yaani kuipa mashine yale maandishi iyageuze yawe kitu inachoweza kukiendesha. Kwenye mashine kama ile yetu, kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na mara nyingi iliishia na mstari mmoja wa kukuambia kwamba kuna kitu kinakosekana. Ukifanikiwa, programu ilijisambaza: faili moja hapa, tatu kule, kumi na tano mahali ambapo hukupajua. Haikukuachia maelezo yoyote. Siku ukitaka kuiondoa, ulipaswa kukumbuka mwenyewe kila ilipoweka mguu.

Aliyeniuliza kwanza kuhusu jambo hilo alikuwa Mama.

Ninamwita Mama kwa sababu ndivyo nilivyomwita. Alikuwa mwenye umri wa mama yangu, mzaliwa wa upande wa Machakos, mkaaji wa Dandora tangu nyumba zile zilipokuwa misingi na vyoo tu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye masjala ya ofisi moja mjini, kule mafaili yanakohifadhiwa na hakuna linalotoka bila kuandikwa limechukuliwa na nani. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa. Kituo kilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, akionekana anaweza kompyuta aajiriwe, akishindwa aende. Hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Alikuwa na watoto wawili shuleni na hiyo ndiyo kazi pekee aliyokuwa amepata tangu apunguzwe, na aliniambia hivyo siku ya kwanza, wazi, ili nijue ninamfundisha mtu wa namna gani.

Nilimfundisha, na sitajinyima sifa hiyo: nilimfundisha vizuri. Aliandika kila kitu nilichosema kwenye karatasi na kesho yake alikuja amekikariri. Wiki ya pili aliniona nikikompaili, akavuta kiti.

"Kijana wangu, hii programu ukiiweka, vitu vyake vinaenda wapi?"

"Vinaenda kila mahali, Mama."

"Kila mahali ni wapi?"

Nikamwonyesha. Akatazama majina yakipita kwenye skrini, midomo ikicheza.

"Na siku ukitaka kuitoa?"

"Naomba Mungu."

"Mungu si karani wako," akasema. "Leta kaunta buku."

Basi tukawa na kaunta buku, daftari nene la jalada gumu. Kila programu ilipewa ukurasa wake. Mimi nilisoma kutoka kwenye skrini, yeye akaandika kwa kalamu ya buluu mahali kila faili ilipokwenda. Jina likijitokeza ambalo tulikuwa tumeliandika kwenye ukurasa mwingine, alinisimamisha. "Hii si tuliandika kwa ile ingine?" Akalipigia mstari mwekundu, na kando akaandika kurasa zote mbili. Maana yake ilikuwa kwamba programu mbili zinatumia kitu kimoja, na ukiiondoa ya kwanza usikiguse, utaiua ya pili. Leo kuna zana kubwa zilizoandikwa na watu werevu duniani kote kufanya kazi hiyo hiyo, na kimsingi zinafanya alichokifanya yule mama kwa kalamu mbili. Wakati ule mimi niliona ni uzee.

Nilichoka kusoma kwa sauti. Niliona haya pia kuonekana na kaunta buku karibu na kompyuta, mimi prof. Kisha mhadhiri wangu akanipa karatasi alizochapisha kutoka kwenye mtandao, barua za wataalamu wakibishana kuhusu jambo hili hili, na mmoja wao alikuwa na wazo lililonifurahisha mno. Kabla ya kuweka programu, unaiambia mashine iandike majina ya faili zote zilizomo. Unaweka programu. Kisha unaiambia iandike majina tena. Chochote kilichomo kwenye orodha ya pili na hakimo kwenye ya kwanza, ni cha programu hiyo. Unaitunza tofauti hiyo, na siku ukitaka kuiondoa programu, mashine inapita kwenye orodha ikifuta jina moja baada ya jingine.

Niliiandika kwa siku mbili. Haikufika hata mistari mia. Yule mtaalamu alikuwa ametaja sehemu za kuangalia na sehemu za kuacha, lakini mimi nikaona kuchagua ni kujisumbua, nikaiamuru iorodheshe diski nzima kuanzia kwenye mzizi, pale juu kabisa panapobeba faili zote. Nikaijaribu kwa programu ndogo ndogo, ikafanya kazi sawasawa. Nikamwita Mama aone.

"Sasa kaunta buku yako tutaipeleka makumbusho," nikamtania.

Alicheka, lakini alitazama skrini kwa muda. "Na nani atakuwa anasoma hiyo orodha aone kama ni sawa?"

"Hakuna haja ya kusoma, Mama. Ndiyo maana ya kompyuta."

Akasema haya, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi yake ilikuwa vitabu vya ubatizo. Mvua ilikuwa imepenya paa la ofisi ya kanisa na kulowesha sajili zote tangu kanisa lilipoanzishwa, na kurasa zilikuwa zimeanza kuota ukungu na kuambatana. Watu walihitaji majina yale, ya shule, ya vitambulisho, ya ndoa. Mama aliagizwa ayapige yote kwenye kompyuta, kila mwaka katika faili yake. Aliinua ukurasa kwa kisu cha mkate, akasoma, akapiga, na kila jina alilolimaliza alilitia tiki ya penseli kitabuni, kama walivyofanya masjala. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya majaribio yake. Alikuwa na boksi moja la disketi za kuwekea nakala. Nililiazima, maana nilihitaji kubebea programu kutoka mjini, nikamwambia diski yetu ni kubwa na imara, asiwe na wasiwasi.

Mkuu wa kituo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa haki, nadhani, ila alikuwa ameishi miaka mingi na wanafunzi wanaosingizia mbuzi kwa kula daftari, na uvivu aliuona hata mahali haukuwepo. Mimi alinipenda. Aliwaleta wageni waone programu yangu inavyoweka na kuondoa, nami nikawaonyesha nikipiga kifua. Aliniandikia barua ya kunipendekeza kwa kampuni moja mjini iliyokuwa inatafuta mtu anayeijua Linux, nikaitwa kwa mahojiano.

Alitaka vyeti vya ubatizo vichapishwe kwa herufi nzuri, vyenye pambo pembeni. Programu ya kupanga maandishi namna hiyo ilikuwepo, kubwa ajabu. Jumatatu moja nikachukua orodha yangu ya kwanza ya diski nzima, nikaanza kukompaili. Ikagoma, inataka kitu kingine. Nikakitafuta hicho kingine, nacho kikataka cha tatu. Umeme ukapotea siku mbili. Mashine ikajaa, nikapunguza. Kila asubuhi niliendelea pale nilipoachia jana, na ikanichukua wiki tatu kamili. Siku ilipokubali niliruka kutoka kitini, nikachukua orodha ya pili, na programu yangu ikahesabu tofauti. Ilikuwa ndefu, mamia na mamia ya majina. Nilitazama kama kumi ya juu, yakaonekana sawa, nikaifunga.

Wiki tatu hizo, kwenye kiti cha pili, Mama alikuwa akipiga majina.

Vyeti havikutoka vizuri. Printa yetu ya zamani ilikata vichwa vya herufi. Mhadhiri akaniambia kuna toleo jipya lililorekebisha hilo, nikalibeba kwa zile disketi za Mama. Alhamisi asubuhi, Mama akiwa ameenda ofisi ya kanisa kuchukua kitabu kinachofuata, niliamua kuondoa toleo la zamani kwanza nipate nafasi. Niliandika amri yangu, nikabonyeza. Ilichukua sekunde chache. Nikaona fahari, nakumbuka kabisa, nikajiambia kwamba kwa kaunta buku kazi hii ingekula siku nzima. Nikaanza kukompaili toleo jipya hapo hapo, juu ya nafasi iliyoachwa wazi.

Mama alirudi, akafunua kitabu chake, akaketi. Baada ya muda akaniita.

"Kijana wangu, njoo uone. Themanini na nne imeenda wapi?"

Nikainama nyuma ya bega lake. Miaka ya mwanzo ilikuwepo yote, hadi themanini na tatu. Kisha hakuna. Themanini na nne hadi themanini na tisa, miaka sita, kazi ya wiki tatu, haikuwepo.

"Ulisevu, Mama?"

"Nilisevu. Si wewe ndiye ulinifundisha?"

"Hebu fikiria vizuri."

Ndivyo nilivyomwambia mtu wa umri wa mama yangu, na kwa sauti ya upole, ile sauti ya kuvumilia watu wajinga. Wakati huo niliamini kweli kwamba amekosea. Faili za zamani zipo, mpya hazipo, basi mpya hazikuhifadhiwa. Akafungua hapa, akafungua pale, akitaja kila hatua kwa sauti kama nilivyomfundisha, na zote zilikuwa sahihi. Hapo ndipo nilipoanza kujishuku. Mtu anayekosea hatua moja hakosei mara sita kwa namna ile ile.

Nilirudi kwenye kiti changu, nikafungua ile orodha ambayo sikuwa nimeisoma. Nikaiteremsha. Faili za programu, faili za programu, kurasa na kurasa, na karibu na mwisho, zimepangwa vizuri kwa alfabeti, ubatizo themanini na nne, ubatizo themanini na tano, zote sita. Alikuwa amezihifadhi kila moja. Na kwa kuwa zilizaliwa baada ya orodha yangu ya kwanza na kabla ya ile ya pili, programu yangu ilizihesabu kuwa mali ya ile ya vyeti. Nilipoiamuru iondoe, iliondoa. Haikukosea hata kidogo. Kwenye kaunta buku jambo hilo lisingewezekana, maana hakuna binadamu ambaye angesomewa jina la ubatizo chini ya programu ya herufi na akaliandika tu.

Nilitazama mgongo wa Mama, sweta lake la kijani, akiendelea kutafuta. Kurudisha faili zilizofutwa sikuweza, na hata kama ningeweza, toleo jipya lilikuwa limeshakaa juu yake. Disketi za nakala zilikuwa mezani kwangu, zimejaa vitu vyangu.

Nikaifuta ile orodha.

Sikufikiri sana. Mkono ulikwenda wenyewe, ningependa kusema hivyo, lakini mkono hauendi wenyewe. Niliandika amri, nikaisoma, nikabonyeza. Nimejiuliza mara nyingi ilikuwa kwa nini. Mahojiano yalikuwa Jumatano iliyofuata, na barua ya Mwalimu ilikuwa mfukoni. Ila hiyo ni sababu nzuri mno, sababu ya mtu anayetetea mkate wake. Kweli yenyewe ni ndogo na ni chafu zaidi. Sikutaka kuonekana mjinga mbele ya mwanamke aliyeniambia orodha isomwe.

Mama alikwenda mwenyewe kumwarifu Mwalimu, na saa nane mchana Mwalimu alituita wote wawili ofisini. Mama alisimama, mimi nikapewa kiti. Mwalimu aliuliza miaka sita iko wapi, Mama akasema alipiga yote na kuyahifadhi.

"Na yamekwenda wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini nilitia tiki kila jina kwenye kitabu. Angalia."

"Tiki si kazi. Mtu anaweza kutia tiki kitabu kizima asubuhi moja. Wiki tatu, mama, ulikuwa unafanya nini kwenye kile kiti?"

Sijawahi kuona mtu akitukanwa kwa maneno safi namna ile. Miaka yake yote ya masjala, na anaulizwa kama mtoto aliyekuja shuleni kulala. Kisha Mwalimu akanigeukia mimi, kwa heshima.

"Wewe ndiye mtaalamu. Niambie ukweli. Kompyuta inaweza kufuta kazi ya mtu yenyewe, bila kuamriwa?"

Alinipa mlango mpana wa kutokea, na mimi nikaupima, nikaona ninaweza kupita bila kusema uwongo hata mmoja.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Kompyuta haifuti kitu bila kuamriwa."

"Basi."

Mama alinitazama. Hakuwa na hasira. Alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo ambalo hakutaka kulisikia. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba kompyuta hufanya kile inachoambiwa tu. Aliniamini. Mwalimu alimwambia majaribio yake yameishia hapo, arudishe funguo na vitabu, malipo yake ya mwezi yatatumwa. Alijibu ndiyo.

Kazi ya mjini niliipata. Kwenye mahojiano waliniuliza ninazitunzaje mashine ambazo kila kitu kimekompailiwa kwa mkono, nikawaeleza ile programu yangu kwa mapana, nikaongeza kwamba lazima uchague sehemu za kuangalia, na lazima binadamu aisome orodha kabla haijakubaliwa. Walipenda sana sehemu hiyo ya mwisho. Mmoja wao alisema inaonyesha ukomavu. Nilishukuru, miwani ya mbao usoni.

Kabla sijaondoka kituoni, Mwalimu alinipa mimi ile miaka sita niipige upya. Ilinichukua wiki moja ya kukesha macho tu kuanza kuuelewa ule mwandiko. Kurasa nyingine zilikuwa zimebaki vipande, kwa sababu karatasi iliyoota ukungu hufunguliwa mara moja tu, na Mama ndiye aliyekuwa ameifungua. Kuna majina ambayo yeye aliyasoma na mimi sikuweza tena kuyasoma, kwa hiyo kuna watu Dandora ambao ubatizo wao haupo popote. Na kila jina, kila moja, mamia kwa mamia, lilikuwa na tiki yake. Si tiki za asubuhi moja. Penseli ilikuwa imechongwa na kuisha na kuchongwa tena, unaziona zikianza nyembamba na kunenepa. Mahali jina lilipokuwa na shaka alikuwa ameweka nukta chini na kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, uliza Padre. Ningekibeba kitabu kile hatua ishirini hadi mezani kwa Mwalimu, ushahidi ulikuwa mikononi mwangu. Nilipiga majina hadi mwisho, nikakirudisha kabatini.

Nilimtafuta, miaka ya baadaye, nilipokuwa na cheo na gari. Nilikwenda kanisani mara mbili, Jumapili, nikakaa nyuma. Mara ya pili nikauliza. Mama mmoja wa kwaya akaniambia alirudi kwao, alijaribu kazi kadha wa kadha, na watoto wakamalizia shule huko. Akaniambia pia, kama jambo la kuchekesha, kwamba alikataa katakata mtoto wake wa kike asisomee kompyuta, alisema hicho kitu hakina huruma na mtu mwenye mikono mizito. Nilicheka kidogo ili yule mama wa kwaya asishangae. Sikuomba nambari ya simu.

Nimeyasema hayo yote na bado nimekwepa jambo moja. Nimelizunguka kwa sababu mengine yote naweza kuyaeleza kuwa ujinga, ujana, woga, na msomaji mwema anaweza kukubaliana nami. Hili siwezi.

Alhamisi ile ile, kama saa kumi, Mama alikwisha kurudisha funguo na akaja chumba cha kompyuta kuchukua mwavuli wake. Nilijikausha, macho kwenye skrini, nikitumaini atachukua aende. Akaja akasimama kando ya kiti changu.

"Kijana wangu, nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa nini, Mama?"

"Nimekuaibisha mbele ya Mwalimu. Wewe ulinifundisha vizuri, polepole, hukunichoka. Mtu mwingine angenichoka. Sasa ataona ni wewe hukunifundisha. Nimemwambia si wewe. Ni mimi, kichwa yangu ndio imezeeka."

Nikasema si kitu. Hakuondoka. Alikuwa mtu wa kanisa, na kwake msamaha uliombwa na ukajibiwa, haukuachwa ukining'inia. Alisimama na mwavuli wake akisubiri jibu, na mimi nilikuwa nalo, lilikuwa na maneno manne tu: Mama, ni mimi nilizifuta. Nimeliwaza mara nyingi zaidi tangu siku hiyo kuliko ninavyoweza kuhesabu. Chumbani hatukuwa na mtu mwingine. Angenisikia peke yake.

"Nimekusamehe, Mama," nikasema.

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema asante.